Alama Nilizomfutia Namba Thelathini na Moja

Watu hucheka nikiwaambia kwamba hoki ya barafuni nilijifunzia Nairobi. Wacheke. Kulikuwa na hoteli moja kwenye barabara ya kuelekea uwanja wa ndege, na ndani yake kiwanja cha barafu kidogo kiasi kwamba ukishika kasi tu, ukuta umeshakufikia. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuwagawia watoto wa wenye nazo viatu vya kutelezea na kuvipangusa vikirudi. Asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, sisi wafanyakazi tulicheza. Goli letu lilikuwa kreti mbili za soda. Kisahani, yaani kile kidude cheusi cha mpira mgumu kinachochapwa kwa fimbo, tulikuwa nacho kimoja tu, na kilipopotea nyuma ya mtambo wa kugandisha tulikitafuta siku mbili kwa tochi. Hapo ndipo nilipojifunza kugeuka, kurudi kinyumenyume bila kutazama miguu, na kupiga bila kuinua fimbo. Hakuna aliyezaliwa kwenye theluji aliyenishika mkono, na sioni kilichopungua.

London nilikuja kuwa muuguzi, na muuguzi ndiye niliye mpaka leo. Ninaishi Kingsbury, na mzee Mhindi ninayenunua unga kwake, mzaliwa wa Kisumu ambaye Kiswahili chake kinanishinda kwa matusi, akiniona nimebeba fimbo na mkoba mkubwa huniuliza kama barafu ya friji hainitoshi. Hainitoshi. Mwaka wa kwanza tu niliitafuta klabu, nikaipata upande wa kaskazini wa jiji, nikaambiwa kwa upole kwamba kuna nafasi ya kujitolea kufungua mlango wa benchi la wachezaji. Niliufungua misimu miwili. Kisha nikawafundisha watoto wadogo kuanguka na kuinuka, nikasomea vyeti vya ukocha vyote vilivyokuwapo, na kila nilipoambiwa bado kidogo nilirudi na cheti kingine. Walipochoka kunikatalia walinifanya mpimaji kwenye kambi ya mchujo.

Kambi hiyo hufanyika siku tatu mwishoni mwa kiangazi, kabla ya msimu kuanza. Mwaka ninaousimulia walikuja watoto zaidi ya arobaini wa umri usiozidi miaka kumi na minne, wavulana na wasichana pamoja, kugombea nafasi kumi na tano za wachezaji, mbali na magolikipa wawili ambao hupimwa peke yao. Sisi wapimaji tulikuwa watatu: mimi, mzee mmoja Mwingereza aliyewahi kuwa mchezaji wa kulipwa, na mwanamke kijana aliyekuja na kompyuta yake. Juu yetu alikuwepo kocha mkuu. Kila mtoto huvaa namba kubwa mgongoni na jina lake hatupewi. Tunakaa majukwaani mbalimbali, kila mmoja na karatasi zake, tukitoa alama moja hadi tano kwa kuteleza, kwa kumiliki kisahani, kwa kupiga, kwa kuuona mchezo na kwa kusikiliza maelekezo. Hatupaswi kujua nani mwana wa nani.

Niliharibu hilo kabla kambi haijaanza. Nilikuwa kwenye korido, ninaongea kwa simu na dada yangu wa Nakuru, na nilipokata simu nikamkuta mwanamke amesimama mbele yangu, mkoba wa vifaa umemlemea bega moja.

"Jambo, mama," akasema. "Kumbe weye unasemaka Kiswahili?"

Aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia. Alikuwa Mkongo, mtu wa Bukavu, anakaa Tottenham, anasafisha maofisi. Tulipata la kuongea mara moja, kwa sababu sote wawili tuliwahi kupanga foleni kwenye lile jengo la uhamiaji Croydon. Mimi nilikuwa na barua ya hospitali mkononi na nilimaliza kwa siku moja. Yeye alikwenda na kurudi miaka, na bintiye alijifunza kusimama kwenye viti vya pale. Mchezo wenyewe haujui, aliniambia. Shule ilimpeleka mtoto kuteleza siku moja na mtoto akarudi amekuwa mwingine. Sasa ana miaka kumi na mitatu, na hii ndiyo klabu pekee wanayoweza kuifikia kwa mabasi mawili. Kisha kabla sijamzuia akanitajia namba kwa Kifaransa: thelathini na moja, huyo ndiye wangu.

Kocha mkuu alipita wakati huohuo, akatutazama, akatazama ile mikono iliyoshikana. Baadaye aliniuliza, huku akicheka, kama yule ni ndugu yangu. Nilimjibu kwamba sijawahi kumwona maishani. Lilikuwa jibu la kweli, na nililitoa haraka kuliko mtu mwenye amani moyoni.

Lazima niseme hapa nilivyolelewa. Mama yangu alikuwa mwalimu, na darasa la nne alinifundisha yeye. Darasa likipiga kelele, wa kwanza kuitwa mbele nilikuwa mimi, hata kama nilikuwa nimelala. Nikipata hesabu zote aliniandikia nimekosa moja kwa ajili ya mwandiko. Nyumbani wakija wageni, mtoto wa mwenye nyumba hupakuliwa mwisho na hupewa shingo ya kuku. Hakuna aliyeona ajabu. Watoto wa walimu wote wa shule ile waliishi hivyo, na wazazi wengine walimsifu mama kwamba hana upendeleo. Mimi pia nilimsifu. Niliamini kwamba ukimkatia wako kwanza, hakuna mwenye mdomo wa kukusema.

Basi siku ya kwanza thelathini na moja aliingia uwanjani na nikajua ndani ya dakika tano. Hakuwa mkubwa. Soksi zake zilikuwa za rangi mbili tofauti na helmeti yake ilikuwa imepita kwenye vichwa vingi. Lakini aligeuka kwa makali ya ndani ya chuma cha kiatu bila kupoteza mwendo, na akapiga kwa kukunja kiwiko tu, ghafla, golikipa akiwa bado anajipanga. Wavulana waliomzidi kichwa walikuwa wanainua fimbo juu wakati yeye ameshafunga. Niliandika tano. Kisha nikakumbuka mikono iliyoshikana kwenye korido. Nikaifuta, nikaandika nne. Kwenye kuteleza nikaifuta nne, nikaandika tatu. Nilikuwa natumia penseli, na penseli ndiyo iliyoniponza, maana wino haufutiki, ningeona haya kuukata.

Ilikuwa haki hiyo, nilijiambia. Siku ya pili ilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu yule mzee mpimaji alinipitia wakati wa chai akasema kwamba msichana wangu yuko vizuri. Msichana wangu. Sikujua kama anatania, kama ameambiwa kitu, au kama kwake mtu mweusi akiteleza ni lazima awe wa kwangu. Iliniwaka masikioni asubuhi nzima. Nilirudi kwenye kiti changu nikapunguza tena.

Kuna desturi kwenye kambi yetu kwamba mwisho wa siku ya pili kila mtoto hupewa kikaratasi chenye jambo moja la kurekebisha. Vikaratasi hugawanywa kwa kura miongoni mwa wapimaji, na thelathini na moja akaniangukia mimi. Siku ile alikuwa amefunga mara tatu. Sikuwa na cha kumrekebisha. Mtu mwaminifu angeandika aendelee hivyohivyo, lakini nilijiona tayari nikisomwa na kocha mkuu, nikisomwa na yule mzee. Niliandika kwa Kiingereza changu kilichonyooka: unapiga mno, toa pasi kwanza.

Mtoto wa watu alinitii. Ndicho kinachonikera hadi leo, kwamba alinitii kikamilifu. Siku ya tatu kulikuwa na mechi moja ya mwisho, na ndani ya mechi ile hakupiga hata mara moja. Kila alipopata kisahani aliinua kichwa kumtafuta wa kumpasia. Mara moja golikipa alikuwa ameanguka kifudifudi, goli liko wazi kabisa, na yeye yuko hatua mbili tu, akatoa pasi nyuma kwa mvulana ambaye hakuitegemea, kisahani kikapotea. Mama yake alikuwa amekaa safu ya mbele, mikono mapajani, midomo ikienda taratibu kama mtu aliye kanisani. Nilimpa tatu kwenye kupiga, na safari hiyo sikufuta kitu.

Baada ya mechi wapimaji na kocha mkuu tulikutana kwenye chumba cha juu kinachonuka glavu mbichi na chipsi. Yule mwanamke kijana alishaingiza alama zetu zote kwenye kompyuta na orodha ilikuwa ukutani, kumi na tano wa juu kwa rangi ya kijani. Thelathini na moja alikuwa wa kumi na sita. Alipungukiwa alama mbili. Kocha mkuu alisema ni bahati mbaya, ana kipaji, atarudi mwakani. Mzee akatikisa kichwa, akasema siku ya kwanza alidhani huyu ndiye bora kuliko wote, ila leo amepoa. Wakahamia kwenye jambo la jezi.

Naijua ile "mwakani." Nimeipokea mara nyingi kuliko walivyowahi kuitoa. Na nilijua mama mwenye mabasi mawili na ofisi za kusafisha alfajiri hatarudi mwakani, na mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyekatwa akiwa bora atajifunza kwamba hakuwa bora. Nikasema wasimame kwanza, tusiongee jezi.

Nikawaambia yote bila kuyapamba. Kwamba mama yake alinisalimu kwa lugha yetu. Kwamba nilijua namba yake tangu dakika ya kwanza na sikusema. Kwamba nilimpunguzia siku mbili mfululizo nikijua ninachofanya, nisije nikaonekana ninampendelea. Kwamba leo amepoa kwa sababu mimi nilimwandikia apoe. Nilizitandaza karatasi zangu mezani chini ya taa, na kila mtu aliweza kuiona tano chini ya nne, na nne chini ya tatu. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na sikuinamisha kichwa.

Kocha mkuu aliziinamia karatasi. Si mtu mbaya. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninataka sasa nimwongezee alama, na kama nimefikiria, mbele ya wazazi wengine, itaonekanaje.

"Itaonekana vile itakavyoonekana," nikamwambia. "Hilo swali ndilo lililonifikisha hapa. Sitaki kumwongezea kitu. Toeni alama zangu zote, za watoto wote, mhesabu zenu."

Walitazamana. Yule kijana hakungoja ruhusa, alibonyeza mara mbili tu na safu yangu nzima ikatoweka ukutani. Majina, yaani namba, zikajipanga upya. Thelathini na moja alipanda kutoka wa kumi na sita hadi wa nne.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimejiandaa kupigana nao. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani kuhusu watu wa aina yao na macho yao, na ilikuwa hotuba kali. Kumbe mzee aliyeniambia "msichana wako" alikuwa amempa tano juu ya tano siku zote mbili. Kijana naye hivyohivyo. Hata ile siku ya tatu aliyopoa hawakumshusha sana. Ndani ya jengo lile lote aliyekuwa amemzibia njia alikuwa mmoja, naye alikuwa anaongea lugha ya mama yake.

Kocha mkuu alisema, na alikuwa na haki, kwamba mpimaji aliyechezea alama hawezi kukaa tena kwenye kiti kile. Alipendekeza tuseme nimejiuzulu kwa sababu za kazi hospitalini, ingekuwa heshima kwa wote. Nilikataa. Nilimwomba aandike sababu yenyewe, kwamba nilimwonea mtoto kwa makusudi, na nikatia saini. Watakaokuja baada yangu wakiuliza wasiambiwe kwamba Mkenya alichoka na zamu. Kama nimefukuzwa, nifukuzwe kwa nilichokifanya.

Niliwakuta mama na bintiye kituo cha basi. Matokeo yalikuwa yameshatumwa kwenye simu, na mama alinikimbilia akitaka kunikumbatia na kumshukuru Mungu kwa ajili yangu. Ningeweza kuliacha lipite hivyo. Angekuwa ananiombea mpaka leo. Nilimshika mikono, nikamrudisha nyuma kidogo, nikamweleza. Basi moja lilikuja likapita.

"Ni weye ulimukatia?" akauliza mwishowe.

Nikasema ni mimi.

"Bazungu balimuona," akasema, polepole. "Weye mama yetu ndiye ulimufunika."

Nilianza kumweleza nilivyolelewa, yale ya darasani na yale ya shingo ya kuku, na nikaona usoni mwake kwamba anayajua yote. Bukavu pia yapo. Hakuwa anahitaji kuelezwa na hilo halikumfanya anisamehe. Alisema tu kwamba yeye hawezi kunibebea mzigo huo, nimwambie mtoto mwenyewe.

Mtoto alikuwa amekaa juu ya mkoba wake, anatusikiliza. Wanaozaliwa huku husikia kila kitu na hujibu kwa Kiingereza, na yeye alinijibu kwa Kiingereza. Hakuuliza habari za alama. Aliuliza kama ni kweli alikuwa anapiga mno. Nikamwambia hapana, hukuwa unapiga mno, ulikuwa unapiga vizuri kuliko wote. Akaniuliza kwa nini basi niliandika. Alinitazama machoni moja kwa moja, jambo ambalo mimi kwa umri wake nisingethubutu kumfanyia mtu mzima, na nilishukuru kwamba analiweza. Nilimwambia kwamba niliogopa. Akauliza niliogopa nani. Nilifikiri nikakosa jina hata moja la kumpa. Basi la pili likaja, wakapanda.

Watu wangu wa kanisani walinishauri nisikanyage tena klabu ile. Dada yangu wa Nakuru alinipigia akanifokea, akisema nimejivua nguo mbele ya wazungu kwa ajili ya mtoto nisiyemjua hata babake. Nilimwachia amalize. Jumamosi ya kwanza ya mazoezi nilipanda treni, nikaingia kwa mlango wa mbele, nikasimama kwenye kioo kinachozunguka uwanja, upande wa wazazi, mahali ambapo mtu yeyote mwenye viatu vikavu anaruhusiwa kusimama. Kocha mkuu aliniona. Mama wa Bukavu aliniona pia, akasogea hatua chache mbali nami, kisha akabaki hapohapo.

Waliwagawa watoto timu mbili. Thelathini na moja alipewa jezi ya klabu, na sasa ilikuwa na jina lake mgongoni. Alicheza vizuri na hakupiga. Alipata kisahani akatoa pasi. Akapata tena, akawapita wawili kwa ule mgeuko wake wa makali ya ndani, akainua kichwa, akatafuta wa kumpasia. Kocha mkuu alimpigia makofi kwa kucheza kitimu. Wazazi wakapiga makofi. Mimi niliona kile kikaratasi changu kikiteleza uwanjani na miguu ya mtoto wa watu, na nikaelewa kwamba alama zinafutika kwa kubonyeza mara mbili lakini hiki hakijafutika, na pengine hakuna mwingine ndani ya jengo lile anayejua kwamba kipo.

Kuna tangazo kubwa ukutani linalokataza watazamaji kutoa maelekezo. Nilisaidia kulibandika, misimu ile ya kufungua mlango wa benchi. Aliposhika kisahani mara ya tatu, peke yake, golikipa mbele yake, na kichwa kikaanza kugeuka kutafuta mwenzake, nilipiga kioo kwa viganja vyote viwili.

"Piga!" nikapaza sauti kwa Kiswahili, kwa nguvu zote za kifua changu. "Piga, mwanangu!"

Uwanja mzima uligeuka kunitazama. Yeye hakugeuka. Alikunja kiwiko akapiga, kisahani kikapaa juu ya goli na kugonga kioo cha nyuma kwa kishindo. Alikosa. Kocha mkuu alikuwa ameshaanza kuja upande wangu, mkono umeinuka, na mama wa Bukavu alikuwa amesogea mpaka akasimama karibu nami, amekunja ngumi zote mbili. Kisahani kilirudi miguuni mwa binti yake. Tulivuta pumzi, na safari hii tulipaza sauti wote wawili.